Namba Saba Ina Moto

Saa kumi jioni, boti zikiwa zimeshafungwa kamba, Mshonanyavu alikuwa ghalani akifanya kazi ambayo hakuiomba. Alilowesha kitambaa kwa maji ya bomba, akakikamua mpaka kikaacha kudondosha, akafuta chumvi kwenye makasha ya betri, moja baada ya jingine. Kisha akapaka grisi kwenye vichwa vyake, pale nyaya zinapokazwa, kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya kidonda. Betri zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa nzima. Ya saba iliungua miezi mitano nyuma, na ndani yake mlikuwa na majivu na mjusi mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kuliko zote.

Kazi hii ilikuwa ya mkewe. Ushirika wa wavuvi ulipoachana na mashine za petroli, Mwenyekiti alileta boti za umeme zenye betri za lithiamu, akapigwa picha akiwa ameshika kasia ambalo boti hizo hazilihitaji. Akaletwa mtaalamu wa kufundisha utunzaji. Alifundisha siku mbili ukumbini, akaondoka na kapu la samaki. Wavuvi walimsikiliza huku wakitazama mawingu dirishani. Aliyemwelewa alikuwa mtu mmoja, mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbi huo huo, ameegemea ufagio wake. Ushirika ukampa kazi ya betri na haukumwondolea ufagio.

Mwanamke yule aliyashika yote. Betri ya lithiamu haitaki shibe wala njaa. Ile inayokaa bila kutumika ilale na nusu, maana ikilala imejaa inazeeka upesi, na ikilala tupu haiamki. Iliyotoka juani isichajiwe kabla haijapoa. Isifunikwe nailoni. Isikanyagwe na mguu wenye maji ya chumvi. Ikivimba tumbo itolewe nje, iwekwe mchangani, mbali na wenzake. Kila mvuvi aliyemuuliza kitu alijibiwa neno moja kwanza, "Nusu," na maelezo yakafuata. Wakamwita Mama Nusu.

"Dada yangu hata mume alichukua nusu," kaka yake, Nahodha wa boti ya tatu, alikuwa akiwaambia watu, kwa sababu Mshonanyavu alikuwa mfupi.

"Nusu hulala vizuri, shemeji," Mshonanyavu alimjibu. "Waliojaa ndio wanaokoroma."

Ghala lilikuwa na dirisha moja. Mwenyekiti aliagiza lizibwe kwa matofali, kwa kuogopa wezi, ingawa kasha moja la betri lilihitaji mtu mwenye mgongo na sababu nzuri kulibeba. Akaagiza tena kwamba betri isitoke ghalani bila ruhusa ya ofisi. Ofisi ilikuwa kilimani, na ilikuwa na madirisha manne. Humo alikaa karani na daftari lake. Kila siku mtunzaji alimpigia simu kumwambia hali ya kila betri, na karani akaandika. Daftari lilikuwa na safu mbili, kama yalivyokuwa madaftari yote tangu zama za taa za karabai na betri za tochi: INA MOTO na HAINA MOTO. Betri yenye chaji ina moto. Iliyoisha haina. Hata mtoto anajua.

Siku namba saba ilipoungua, Mama Nusu alipiga simu saa sita mchana. Mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo simu aliiweka juu ya meza, sauti ikiwa wazi, na maneno yote yalisikika nje, alipokuwa amekaa mumewe akishona nyavu.

"Bwana karani, namba saba ina moto."

"Vizuri, mama."

"Nasema ina moto! Nipe ruhusa niitoe."

"Sasa kama ina moto unaitoa ya nini? Iache hapo, mama. Kesho ni zamu yake."

Simu ikakatwa. Mama Nusu aliitoa bila ruhusa. Aliikumbatia kwa gunia lililolowa, akaiburuta hadi mchangani, ili zile kumi na moja zisishike moto. Hazikushika. Moshi mweupe wa betri ile ulijaa ndani ya ghala lisilo na dirisha kabla haujajaa nje, na yeye alikuwa ameuvuta. Alikaa hospitali siku mbili, akafa. Taarifa ya ofisi ilikuwa na mistari mitatu. Wa mwisho ulisema: *Mtunzaji hakutoa taarifa ya hitilafu. Chanzo ni uzembe.*

Alizikwa siku ya Jumatano. Alhamisi ofisi ilipiga simu ikasema boti ya tatu iende na namba saba, kwa sababu zamu yake imepita.

"Namba saba imeungua," Nahodha alisema.

"Daftari linasema ina moto," karani alisema.

Nahodha alikuwa ametoka kumzika dada yake, na nguvu za kubishana na daftari hakuwa nazo. Alilichukua lile kasha jeusi kutoka mchangani, akafunga nyaya, ili aikwamishe boti hapo hapo ufukweni watu waone. Kipimo kikawaka, kikaonyesha asilimia hamsini. Boti ikaondoka. Akavua mpaka saa tisa alasiri, akarudi na samaki wa kutosha, na kipimo kikawa bado kinaonyesha hamsini.

Wavuvi wakasema afadhali. Betri nyingine zilimaliza moto saa sita, na foleni ya chaja ilikuwa ndefu.

Fundi umeme aliitwa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kujua. Alifungua kifuniko, akachungulia, akamkuta mjusi amekaa juu ya majivu. Akapima, akakuta moto upo.

"Huyu mjusi ana kazi gani humu?" aliuliza.

"Muulize," Nahodha alisema.

Walidhani nguvu ni ya mjusi. Wakamtoa, wakamweka kwenye ndoo, boti ikazunguka gati mara tatu bila shida. Wakamrudisha, kwa kuwa pale palikuwa kwake na hakuwa amemkosea mtu. Wakadhani ni majivu. Fundi aliyazoa kwa kijiko, akayaweka kwenye gazeti, na kasha likawa tupu kabisa, ukiligonga linalia kama debe. Boti ikaenda. Majivu wakayarudisha. Wakabandua namba saba na kuibandika kwenye kasha la mbao walilotengeneza wenyewe. Hilo halikufanya chochote. Fundi alikaa juu ya jiwe akajikuna kichwa kwa raha. Alisema tangu aanze kazi hajapata tatizo lililomheshimu namna ile.

Walijifunza tabia zake. Ilikuwa haipandi juu ya hamsini hata ukiichaji siku nzima, wala haishuki. Ukiifunika nailoni inazima. Ukiiacha juani inazima mpaka ipoe. Siku moja Nahodha aliikanyaga akipanda botini, mguu una maji ya bahari, na boti ikagoma. Akafuta kasha kwa kitambaa chenye maji ya bomba. Ikagoma bado. Akasema, "Samahani, dada." Ikawaka.

"Alikuwa hivyo hivyo toka utotoni," aliwaambia wenzake. Wakatupa nyavu.

Jibu lilikuja kwa ajali ya chai. Boti ya tatu ilizima ghafla ikiwa mbali, bahari imetulia, betri iko kivulini. Ilikaa kimya dakika arobaini, kisha ikaendelea yenyewe. Jioni Fundi alipanda kilimani kwa shughuli ya feni ya ofisi, akamsikia karani akilalamika kwamba saa tano asubuhi alimwaga chai kwenye daftari, ukurasa wa mwezi ule, na ikabidi aufungue juani ukauke. Fundi aliuomba ukurasa ule autazame. Duara la kikombe lilikuwa juu ya mstari uliosema *Namba 7: ina moto.*

Kesho yake alijaribu. Alimwomba karani afunike mstari kwa kidole, yeye akapiga simu ufukweni. Boti ilizima. "Toa kidole." Ikawaka. "Weka." Ikazima. Walifanya hivyo mara tisa, na karani alifurahi sana, kwa kuwa miaka yote aliyoandika hakuwahi kuona maandishi yake yakifika popote.

"Haili umeme," Fundi aliwaambia wavuvi. "Inakula daftari."

Basi ikajulikana hivyo, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mwenyekiti alisema siku zote amewaambia watu kwamba kumbukumbu ni uti wa mgongo wa maendeleo.

Mshonanyavu peke yake ndiye aliyepanda kilimani. Kufikia hapo alikuwa ameshapewa kazi ya mkewe, maana hakuna mwingine aliyeitaka, na wakubwa walisema ni vizuri kazi ibaki kwenye familia. Alivua viatu mlangoni. Alisema haombi kitu kikubwa. Daftari linaonyesha kwamba namba saba ilitajwa siku ile, saa ile. Maana yake mkewe alipiga simu. Anaomba karani aandike alichoambiwa, kwamba betri ilikuwa inaungua, na ile taarifa ya uzembe ifutwe. Watoto wa dada zake walikuwa wakilisoma lile neno kwenye taarifa iliyobandikwa ubaoni kila wakipita kununua samaki.

"Mzee," Mwenyekiti alisema, "hilo ni suala la kikao."

Kikao kilifanyika ukumbini, mahali ambapo sasa hakuna aliyekuwa akifagia. Mwenyekiti alieleza mambo kwa upole. Daftari likiandikwa kwamba namba saba ilikuwa inaungua, namba saba itakuwa imeungua. Boti ya tatu itakaa ufukweni. Familia sita zinakula kwa boti ya tatu.

"Kwani mimi nimesema msile?" Mshonanyavu aliuliza. "Nimesema mke wangu alitoa taarifa."

"Aliyetoa taarifa alisema ina moto. Na ina moto. Sasa ubishi uko wapi?"

"Wewe mwenyewe unajua alikuwa na maana gani."

"Maana hatuiandiki, mzee. Tunaandika maneno." Mwenyekiti akageuka kwenye viti vya nyuma, kisha akamgeukia tena. "Halafu wewe si ulikuwa nje pale? Si unasema ulisikia? Uliposikia ina moto, ulifanya nini?"

Mshonanyavu alitazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa na alama za uzi.

"Nilifunga mafundo matatu," alisema. "Nilidhani anasema imejaa. Ndipo nikaona moshi."

"Unaona?" Mwenyekiti alisema, na hakusema kwa ubaya. "Hata wewe."

Kura ya kuliacha daftari lilivyo ilipigwa kwa mikono. Mikono ilinyanyuka mingi. Wa Nahodha ulichelewa, ukanyanyuka ukiwa umekunjwa kwenye kiwiko, nusu.

Nje, Nahodha alimfuata akimwita. "Shemeji. Shemeji, subiri basi. Yule ni dada yangu pia."

"Najua."

"Nikiwa mle ndani ya boti ni kama niko naye. Mkiizima, nitabaki na nini?"

Mshonanyavu alivaa viatu vyake. "Na jina lake," alisema.

Mwisho wa mwezi karani alishuka na daftari ndani ya mfuko wa plastiki ili mtunzaji atie sahihi. Alilifungua juu ya meza ya ghala, akaenda kuchagua samaki kabla wakubwa zaidi hawajaisha. Saa kumi hiyo boti zote zilikuwa zimefungwa. Mshonanyavu alihakikisha. Alilitoa kasha la namba saba nje, akaliweka mchangani, akamtoa mjusi kwa kiganja akamweka ukutani. Kisha akarudi mezani akachukua kalamu.

Shule aliiacha darasa la tatu, lakini alijua kwamba nukta ukiivuta mkia inakuwa mkato, na maneno yanaweza kuendelea. Aliivuta nukta iliyofuata neno *moto*. Akaandika neno moja zaidi: *inaungua.*

Namba saba ilishika moto mchangani. Ndani hamkuwa na kitu cha kuungua, lakini iliungua kama ilivyoungua mara ya kwanza, ikitoa moshi mweupe, ikipiga milio kama mahindi yanayokaangwa. Wavuvi waliacha nyavu wakaja kusimama upande upepo unakotoka. Fundi umeme alitazama saa yake. Alisema betri ya namna hii, kwa kuwaka hivi, ilikuwa imeanza kuchemka nusu saa kabla, na mtu mwenye akili angeijua kwa kuigusa tu.

"Kwa hiyo alijua," mvuvi mmoja alisema.

"Alijua," Fundi alisema.

"Na akasema."

"Akasema."

Wote walitikisa vichwa. Karani alifika na samaki wawili mkononi, akatazama moto, akatazama mezani, akasoma. Hakugomba. Alitoa mfukoni kichupa cha wino mweupe wa kufutia, akapaka juu ya neno la mwisho, akapuliza mpaka likakauka, akaurudisha mkato kuwa nukta. Moto ukazima. Nahodha alisubiri kasha lipoe, akalifuta kwa maji ya bomba, akalibeba botini kwa mikono miwili. Kipimo kilionyesha hamsini. Mjusi alichukua siku tatu kurudi.

Barua ilishuka wiki iliyofuata. Ilisema mtunzaji amechoma mali ya ushirika, na anapewa onyo kwa uzembe. Mshonanyavu aliiweka kwenye kopo la uzi pamoja na nakala ya ile taarifa ya mkewe. Neno lilikuwa lile lile na mwandiko ule ule, na alipozishika pamoja zilikuwa kama cheti cha ndoa.

Aliendelea na kazi. Aliandika barua kuomba dirisha lizibuliwe. Akajibiwa kwamba linashughulikiwa. Aliomba safu ya tatu kwenye daftari. Akajibiwa kwamba madaftari yameshachapwa, yanatosha miaka kumi na moja.

Namba nne ilivimba mwezi uliofuata, siku ya joto. Aliigusa saa nane mchana akaona inachemka, na tumbo la kasha limejitokeza. Chaja aliichomoa. Moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka kwenye kona. Pembeni yake zilikuwa betri kumi, mlango ulikuwa nyuma ya betri hizo, na kifua chake hakikuwa kama zamani. Alipiga simu.

"Bwana karani, namba nne imevimba. Inafuka. Nataka kuitoa."

"Mzee, mimi nina safu mbili," karani alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba asaidiwe. "Ina moto au haina moto?"

Mshonanyavu aliitazama namba nne. Alikuwa amekaa na mambo haya muda mrefu sasa, na alijua daftari lile linavyofanya kazi kuliko wale wanaolitunza.

"Haina," alisema.

"Una hakika? Asubuhi ulisema ina."

"Haina moto kabisa. Andika."

Alisikia kalamu ikikwaruza. Moshi ulikatika. Alipoweka kiganja juu ya kasha lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na kipimo kilisoma sifuri, na betri ile haikuwaka tena milele.

Alikaa kwenye kigoda. Alilisema lile neno kimya kimya, akasema na lingine, akapima tofauti yake. Ilikuwa *ha* tu. Pumzi moja, isiyozidi ile mtu anayotoa akiona jambo la kuchekesha. Mama Nusu angeiweka hiyo *ha* mbele ya neno lake angekuwa hapa anamkaripia mtu. Lakini angejuaje? Aliulizwa hali ya betri, naye alikuwa mtu wa kusema ilivyo.

Barua ya namba nne ilishuka Ijumaa. *Betri imekufa mikononi mwa mtunzaji. Chanzo ni uzembe.* Mshonanyavu alitia sahihi mahali palipoonyeshwa, akaiweka kwenye kopo la uzi.

Saa tisa boti ya tatu ilirudi. Nahodha alimletea namba saba akiwa ameibeba kifuani, akaiweka kivulini. Mshonanyavu alilowesha kitambaa, akakamua, akafuta chumvi, akapaka grisi. Aliinua kifuniko kidogo, kiasi cha mjusi kupita. Akainama kukisoma kipimo, ingawa alijua kitasema nini.

"Nusu," alisema, na akasubiri kidogo, kwa mazoea, apewe maelezo.